Kitufe Kilichong'olewa

Shuleni, Malindi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka Kahindi,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake na Hawe, bibi yetu, yake kabla hujasoma lolote, maana najua barua zangu unazisoma kwa sauti uani, na Hawe hukukatiza: "Mbona hajanisalimu bado?" Mguu wake umepungua kuvimba? Lambo lina maji, au mmeanza tena kuyafuata mbali? Mimi afya ninayo. Kilichonishinda ni karaha. Tangu Ijumaa naisukuma sahani kando, na ugali wa shule hauna hatia.

Unazikumbuka zile kompyuta kumi kuukuu nilizokuandikia, kwamba huenda zikaletwa shule ya msingi unakofundisha? Shule yetu imepata mpya. Ijumaa alikuja mama mmoja aliyesoma hapa zamani, kiongozi wa chama cha wanafunzi wa kale, kuzikagua. Zikionekana bado zafaa, zije kwetu Ganze. Zisipofaa, ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu Dama, mlezi wa klabu yetu ya kompyuta, alituachia wanachama tuchague sura ya kuziwekea.

Zote zinatumia mfumo wa Linux, kama laptopu yako, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Linux ni moja ila nguo zake ni nyingi. Mimi nilitaka nguo iitwayo Xfce. Menyu iko kona ya juu, haina mbwembwe, na kwenye mashine za umri ule inafunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Mtoto wa darasa la nne ataielewa siku ya kwanza. Nilisimama nikayasema hayo yote. Maimuna, mwenyekiti wetu, msichana wa hapa hapa mjini, akacheka.

"Sidi mwanangu, hiyo rangi yako ni ya majivu. Mgeni atadhani tumemkaribisha jikoni."

"Watu wa Ganze hao, wachoma makaa, kila kitu kwao makaa," akadakia mwingine, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Wao walitaka KDE, yenye madirisha yanayong'aa na kuyeyuka ukiyafunga. Sisemi ni mbaya. Kwenye mashine mpya inapendeza kama keki ya arusi. Lakini kwenye hizi zetu! Unabofya, unangoja, unabofya tena, halafu yanafunguka madirisha mawili kwa pamoja na mashine inaganda. Jumatano nzima tulikaa tukitazama kiduara kikizunguka.

Alhamisi Maimuna akageuka. Akaleta laptopu yake iliyovishwa nguo nyingine, i3: hakuna menyu, hakuna picha, madirisha yanajipanga yenyewe ubavu kwa ubavu kama vigae, na kila jambo unaliamuru kwa kibodi.

"Hii ndiyo ya wataalamu," akasema. "Kipanya ni cha watoto."

Nyepesi ni nyepesi, hilo silikatai. Lakini watakaozitumia ni watoto, Kaka! Kumpa mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta skrini nyeusi isiyomwambia neno ni kumfungulia chumba cha giza na kumwambia karibu. Kura ikapigwa. Wanaotaka Xfce wainue mikono. Nikainua wangu, nikatazama huku na huku, nikaona uko peke yake. Nikaushusha, nikajifanya najikuna shingo.

Linalofuata ni baya zaidi, na hapa punguza sauti, Hawe asisikie.

Maimuna alinakili mipangilio ya laptopu yake kwenye mashine zote, akaijaribu kwenye ile ya mwalimu, ikaenda vizuri. Katika mipangilio hiyo kila amri inaanza na kitufe chenye alama ya dirisha, kile kilicho kati ya Ctrl na Alt. Na kibodi za wanafunzi hazina kitufe hicho. Mwalimu aliyemtangulia Mwalimu Dama aliving'oa vyote kwa bisibisi, kwa sababu wasichana walikuwa wakivibonyeza katikati ya somo kutafuta michezo. Tumelizoea pengo lile hata hakuna anayeliona tena. Mimi nililiona. Nilikuwa nikipangusa vumbi, kidole kikaingia shimoni, nikajua papo hapo. Nikanyamaza. Nilisema moyoni: waache waaibike, mgeni aone ni nani aliyesema kweli.

Ijumaa mgeni akaketi kwenye mashine ya kwanza. Nyeusi. Maimuna akaja kumsaidia, kidole chake kikaangukia pengo, akabonyeza na kubonyeza. Wakahamia ya pili, kisha ya tatu. Mgeni hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua miwani akamwambia Mwalimu Dama kwa upole, "Basi mwalimu, hizi zimekula chumvi nyingi. Ziende tu kwa watu wa vyuma."

Hakuuliza nani alichagua nini. Waliohukumiwa ni watoto wako, ambao hata hawakuwapo. Nilijisikia kinyaa, Kaka, kama niliyekanyaga kitu kwa makusudi. Nikainua mkono. Safari hii sikuushusha.

"Kompyuta si mbovu," nikasema. "Kitufe kinachohitajika hakipo kwenye kibodi hizi. Na mimi nilijua tangu jana."

Maimuna akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Una roho mbaya wewe," akasema polepole, bila kicheko. Na kweli, siku ile nilikuwa nayo.

Nikaizima mashine, nikaiwasha, na kwenye ukurasa wa kuingilia nikachagua Xfce, ambayo hatukuwa tumeiondoa. Mgeni akatafuta menyu mwenyewe, akafungua ukurasa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. "Hii hata mimi naiweza," akasema. Atarudi siku ya kufunga shule. Zikiwa zote kumi zinafanya kazi, atatafuta gari la kuzileta.

Jana Maimuna alinikuta nikizibadilisha. Hakunisalimu, ila alianza upande wa pili, tukakutana katikati.

"Bado ni majivu," akasema.

"Majivu ndiyo yanayong'arisha sufuria," nikamjibu.

Hakucheka, lakini alinisogezea kiti.

Kwa hiyo, Kaka, tengeneza meza zisizoyumba na uzibe lile dirisha linaloingiza vumbi. Msalimie Baba akirudi kutoka shambani, mama mdogo anayetuazima jembe, na kitinda mimba wetu, umwambie asiogope skrini. Kibodi zitakuja na mapengo yake. Mtoto akikuuliza kitufe kilienda wapi, mwambie kiling'olewa zamani, na kwamba dada yako alijua akanyamaza siku moja nzima. Mwambie hivyo hivyo, usinipambe.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,
Sidi