Baiskeli Iliyozuia Jeneza

Mtani wangu Kibwana,

Sikuulizi hali. Hali yako niliiona ikifukiwa mchanga, nikasimama pale mpaka mtu wa mwisho alipokung'uta mikono. Nakuandikia kukupa habari, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, na kwa kuwa iko moja ambayo gazeti halitaiandika na mimi sikuipata mapema.

Nianze na siku yenyewe, maana wewe hukuiona. Nilifika kwako asubuhi, watu wamejaa uani, jeneza limeshafunikwa. Ndugu zako Wazaramo walinitazama wakingoja, kwani wanajua Mnyamwezi hawezi kuja kwenye msiba wa mtani wake akakaa kimya kama mgeni. Nikaitoa baiskeli yako ukutani, nikailaza mlangoni. Nikasema, "Huyu hatoki. Mnyororo wangu unaruka tangu juzi na aliniahidi kuutengeneza." Wakanipa senti niwapishe, nikazikataa. Nikawaambia kama fundi hataki kuamka, basi naondoka na baiskeli yake. Watu wakacheka. Mkeo Mwanaidi naye alicheka huko ndani, nilimsikia. Kisha kicheko chake kikageuka. Nikaiondoa baiskeli, jeneza likapita.

Mnyororo unaruka mpaka leo.

Baada ya hitima nilipita dukani kwa Bwana Salim, yule Mwarabu uliyekuwa ukimwita mjomba ili asikuhamishe barazani kwake. Aliniambia, kwa upole, kwamba yuko fundi wa Ilala anayepataka pale ulipokuwa ukikaa, na kwamba mahali penye watu kama Kariakoo hapakai bure. Nikampelekea Mwanaidi habari hiyo. Alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia, kwa sababu ya eda. "Shemeji, nikitoka eda nataka kukaa pale pale niuze vitumbua. Wateja wa mume wangu wananijua. Pakienda pale, mimi sina pengine."

Kumwendea Bwana Salim hakuweza, na mimi si fundi. Lakini desturi ya mafundi wenzako unaijua: palipopinduliwa baiskeli, matairi juu, pana mwenyewe, hata kama amekwenda kusali. Basi kila asubuhi, kabla sijaenda sokoni na mahakamani kutafuta habari, naipeleka baiskeli yako barazani na kuipindua. Jioni naifuata. Siku ya kwanza Bwana Salim alitoka na kikombe chake cha kahawa, akaitazama.

"Mwandishi, baiskeli hii haina fundi."

Nikamjibu kwamba ina mtani, na haijakombolewa kwake. Alimaliza kahawa yake akarudi ndani. Siku hizi yeye mwenyewe huwafukuza wanaotaka kuweka vikapu pale.

Wateja bado wanakuja. Alikuja mtu wa Kigamboni, ameikokota baiskeli tangu kivukoni Magogoni, rimu imepinda, hana habari kwamba umekufa. Nikamwambia. Alibaki ameshika usukani, kisha akaniuliza ni nani sasa atakayemgombeza kwa kutia mafuta ya nazi kwenye mnyororo. Aliondoka akiikokota vile vile.

Sasa habari yenyewe. Jumapili moja pedali ya baiskeli yangu ilikatika, nami nilikuwa na safari ya Buguruni. Nikaenda kwa baiskeli yako. Kiti kilikuwa juu, nikakiacha hivyo hivyo. Miaka yote ulinikejeli kwamba naendesha kama mtu aliyechutama chooni, kwamba goti linalokunjwa hivyo litakufa kabla ya mwenyewe. Ulisema kweli. Siku ile goti halikuuma.

Nilipofika kwenye ule mwinuko nikapunguza mwendo, nikingoja tairi lilegee. Sikufikiri, ni mazoea tu. Maana Jumapili zote za mwaka ule wa mwisho tulisimama hapo. "Ngoja, la nyuma limelegea." Unashuka, unachomoa bomba, unachuchumaa, unajaza upepo taratibu, taratibu sana, kichwa umekiinamisha. Nami nimesimama juu yako natoa hotuba yangu: babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu mitupu, na Mzaramo anashindwa kufika Buguruni kwa magurudumu mawili. Ulikuwa ukicheka huku unatazama chini.

Nikashuka, nikalibonyeza tairi. Gumu kama jiwe. Nikaenda Buguruni nikarudi, bado gumu. Tangu nilipoichukua baiskeli ile mlangoni sijaijaza upepo.

Nikamuuliza Mwanaidi. Akaniambia nyuma ya pazia kwamba tairi lile ulilitia jipya na halijapata kuvuja. Akasema ulikuwa hulali tena, unakaa kitandani umeegemea ukuta mpaka kuche, kwa sababu ukijilaza pumzi inakatika. Alikusihi uniambie, angalau tupunguze safari. Ukamjibu, "Nimwambie Mnyamwezi kwamba Mzaramo amechoka? Atanicheka mpaka kaburini."

Nilikucheka mpaka kaburini, Kibwana. Watu wote wa mtaa ni mashahidi.

Siandiki haya nipate kusamehewa. Utani hauna kesi, na wewe ulinitukana vya kutosha kuhusu tumbo langu. Naandika jinsi yalivyokuwa. Mambo yote yalikuwa mbele ya macho yangu. Miguu ilivimba ukaacha viatu ukavaa makubadhi. Kazi za kunyoosha rimu, ulizokuwa ukizifanya umesimama huku unapiga soga, ukaanza kuzifanya umekaa, kimya. Angenieleza mtu mambo hayo kuhusu jirani yake, ningeyaunganisha kabla chai haijapoa. Lakini wewe ulikuwa mtani wangu, na cha mtani huwa nakicheka kwanza.

Mwanaidi anatoka eda Alhamisi. Tayari ameazima kikaango cha vitumbua, na Bwana Salim amepafagisha barazani bila kuambiwa na mtu. Mwanaidi amesema ataikomboa baiskeli kwa vitumbua vya kwanza vitakavyotoka motoni, nami nimekubali, ingawa nimemwambia kwamba kwa Mnyamwezi mwenye tumbo hili sahani moja ni dharau. Alicheka, na safari hii kicheko hakikugeuka. Baiskeli nitamrudishia. Bomba nitabaki nalo mimi. Mtani haondoki mikono mitupu.

Basi lala, mvivu wa Kizaramo. Sasa umelazwa ubavu, na huhitaji ukuta.

Jumapili nitakwenda Buguruni kwa baiskeli yangu mbovu. Kiti nimekipandisha. Pumzi zangu nazo si zile za zamani. Mwinuko ule hunishika sijafika katikati. Ukinishika nitashuka. Bomba litakaa mahali pake, na yeyote nitakayekuwa naye, hata awe Mzaramo, nitamwambia nimechoka.

Mtani wako,
Mnyamwezi