Rangi ya Nguo ya Fardosa

Bulla Pesa, Isiolo

Dada Darmi,

Salaam aleikum. Harusi ya binti yangu Fardosa ilipita salama, na nyama ikabaki.

Umeuliza alivaa rangi gani. Sijui. Wageni walivua viatu mlangoni, na macho yangu yakakwama hapo, yakitafuta akala za tairi kama za wale waliotuvamia kule Kipsing. Nikaziona. Zilikuwa za mzee Abduba, jirani aliyekuja kutuombea dua. Nilijua ni zake, lakini pilau ilinigeuka mdomoni nikaitema.

Siku ya mtoto niliyemzaa nimeimaliza nikikodolea macho tairi kuukuu. Macho haya yananitia kinyaa.

Picha Fardosa atakutumia. Ukiziona, niambie ile rangi kabla hajaniuliza kama alipendeza.

Mdogo wako,
Bisharo