Grisi ya Kitako na Kanga Kuukuu

Mjukuu wangu Yona,

Huku Singida tu wazima. Bibi yako anakusalimu. Goti lake sasa limepoa.

Umeniuliza namna ya kutoa grisi iliyoganda kwenye kitako cha mti cha bunduki yako ya zamani ya kuwindia. Umesema pia mama yako hataki bunduki hiyo iingie ndani.

Nilipoanza uaskari wa wanyamapori nilikabidhiwa bunduki ya namna hiyo, inanata grisi iliyopakwa ghalani isishike kutu. Nikachukua msasa. Mkubwa wangu akasema, "Utaumaliza mti, grisi itabaki." Basi nikakifungua kitako, nikakianika juu ya bati. Grisi ikawa inatoka kama jasho. Nafuta, inatoka tena. Bibi yako naye hakutaka hata kuiona. Nilipomwomba kitambaa akaleta kanga yake kuukuu, akaketi, tukafuta pamoja mpaka jua likatua.

Huko kwenu ughaibuni, Maplewood, ngoja kiangazi, ukiweke kitako peke yake ndani ya gari lililofungwa vioo juani. Kikianza kutoa jasho, usichukue karatasi za jikoni. Kamwombe mama yako kanga kuukuu.

Babu yako,
Elia