Shahidi wa Semeni

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepungua kuuma na ile dawa ya kuchua unaitumia, hujaiweka dirishani kama pambo. Mimi ni mzima, na mtihani wa mwisho nimefaulu. Kuanzia Juni nitakuwa mpima macho mwenye leseni, si msaidizi wa kupima na kufuta vioo tena.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Tafadhali usiikunje. Ni ya kubadilisha jina. Leseni huandikwa mara moja tu, na jina litakaloingia ndilo nitakalozeeka nalo. Ofisi inataka fomu ifike isizidi tarehe 31 Mei. Mzazi aliyetoa jina anasaini, na mtu aliyekuwepo siku mtoto alipopewa jina anasaini kama shahidi.

Najua utanuna. Lakini hebu fikiria kazi yangu. Namkalisha mtu kwenye kiti, namwambia asome herufi za ukutani, yeye anasoma beji kifuani pangu: Semeni. "Haya dada, tuseme nini?" Kila siku, na kila mmoja anadhani yeye ndiye wa kwanza kuubuni mzaha huo. Hao nimewazoea. Wanaoniumiza ni wazee. Mzee analisoma, ananitazama kwa huruma, kisha anauliza, "Kwenu nani alikuwa anawasema?" Nina miaka ishirini na tisa na sijui nani alikuwa anatusema wala alisema nini. Nikikuuliza kwa simu, mtandao unakatika. Ndiyo maana naandika.

Jina jipya ni Nadia. Saini tu, unirudishie.

Binti yako

Tarehe 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea vizuri na dawa naitumia, ingawa inanuka. Hongera sana kwa mtihani. Kila mteja anayeingia hapa anaondoka na habari zako, atake asitake. Hapa nyumbani ni salama, isipokuwa cherehani kubwa imeanza kuruka nyuzi.

Umeuliza habari za jina. Hapo hujakosea mlango, maana mtu anayedarizi majina ya watoto kwenye foronya kwa miaka yote hii anajua jina lipi linapanda na lipi linashuka. Nilipoanza kazi, nilikuwa natoa Semeni sita, saba kwa mwezi. Lilikuwa jina la wanawake waliochoshwa. Mtu amesengenywa miezi tisa, mara tumbo si la mumewe, mara limetoka kwa mganga. Akijifungua mtoto wa kike anamwita Semeni, yaani haya, endeleeni kusema, mtoto ndiye huyu. Yeye mwenyewe hafungui kinywa tena. Kazi yake ni kumwita mtoto kwa sauti, na wanaohusika wanajijua.

Baadaye wasichana wakaenda shule wakaanza kulionea haya, na mama zao wakaacha kulitoa. Kiolezo chake cha kadibodi nilikitundika nyuma ya mlango, kikakaa huko miaka kumi na tano kikila vumbi. Sasa nimekitungua tena. Juzi alikuja mama mmoja kijana, kapaki gari mlangoni kabisa, akataka Semeni kwa uzi wa dhahabu kwenye blanketi. Ati amesoma mahali kwamba maana yake ni msichana asemaye kweli. Nikamwambia ndiyo, mama, hivyohivyo.

Na hiyo Nadia yako nimeidarizi mara arobaini mwaka jana. Ukiitwa sokoni mtageuka kumi.

Fomu nimeiweka juu ya kabati isije ikalowa.

Mama yako

Tarehe 3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti ni zuri. Mimi pia sijambo, kwa mwili.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu langu. Nimekuuliza habari za Semeni mmoja, ukanipa za mji mzima. Umenizungusha kama mteja ambaye foronya yake haijaanzwa. Mama wa blanketi la dhahabu ananihusu nini?

Kama kikwazo ni shahidi, basi jirani wa ng'ambo ya ukuta si yupo? Wewe mwenyewe uliwahi kuponyokwa kwamba ndiye aliyekuzalisha. Najua hamsalimiani. Nimekua nikiambiwa mpira ukiangukia kwake niuache hukohuko, na hakuna siku niliyoambiwa sababu. Siwaombi mpendane. Naomba saini mbili.

Nani alikuwa anakusema?

Binti yako

Tarehe 28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, kwa kuwa hujaandika. Fundi viatu wa hapo kona aliniambia kwa simu kwamba anakuona kila siku barazani na miwani yako, unadarizi. Kwa hiyo mikono ipo na macho yapo.

Nimechoka, Mama. Nilijitia moyo kwamba barua imepotea njiani, lakini tunajuana. Ukikerwa na jambo unalipandisha juu ya kabati. Siku zinakwenda, na ofisini karani wa leseni ameniuliza mara mbili fomu iko wapi. Nimemwambia mama yangu anaumwa goti. Nimekuwa mwongo kwa ajili ya jina usilotaka kunieleza. Kama kuna aibu ndani yake, nipe niijue. Naibeba kifuani kila siku, tena kwa herufi kubwa.

Binti yako

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Na umenifokea kana kwamba wewe ndiye uliyenizaa. Barua yako niliitupa mezani, nikaichukua, nikaitupa tena. Sasa sikiliza, na usinikatize.

Nilimwacha baba yako mimba ikiwa ya miezi sita. Kule tulikokuwa tunaishi nilisemwa hata na watu nisiowajua. Nikahamia hapa, chumba kimoja, bila kumjua yeyote. Nikajiambia hawa nao wataanza tu. Foronya yako niliidarizi jina hilo kabla sijafungua hata mabegi, bila kujua kama utakuwa wa kike, nikaificha chini ya godoro. Nikakaa kuwasubiri.

Jirani alikuja siku ya pili na ndoo ya maji. Nikajua amekuja kunichunguza. Aliuliza mume yuko wapi, nikamjibu kwa mkato, hakuuliza tena. Uchungu uliponishika ghafla, yeye ndiye aliyekupokea. Alinifulia na kuniogesha siku tisa, akaacha nyumba yake na watoto wake. Siku ya kumi akapita karani wa kuandikisha vizazi. Jirani alikuwa amekupakata. Karani akauliza jina, nikalitoa.

Jirani akanitazama akasema, "Mimi nimesema nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa nimelala kitandani na maziwa yanayouma, na sikuona pa kuanzia. Akakulaza pembeni yangu polepole, akachukua beseni lake, akaenda. Nilidhani hasira itamwisha. Kisha ikapita wiki, ukapita mwaka, na kila mwaka uliopita ulifanya maneno yawe magumu zaidi.

Mtaa huu haukunisema, mwanangu. Ugomvi niliubeba kutoka kule nikamtwisha mtu aliyeniletea maji. Haya, umejua. Utamwambia nini huyo mzee wako wa herufi?

Mama yako

Tarehe 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima na nilikosea kupima wagonjwa wawili, ikabidi warudi.

Nimekasirika. Nilijiandaa kusikia jambo baya ulilotendewa. Nilikuwa tayari kulia kwa ajili yako. Kumbe mimi ndimi tusi, na nimekuwa nikiitwa kwa sauti miaka yote karibu na ukuta wa mtu aliyenishika kabla yako. Alikuwa ananitazama nikienda shule, Mama. Mara moja nilianguka na baiskeli mbele ya mlango wake, akaja mbio, akasimama hatua mbili kutoka nilipoanguka, akarudi ndani. Nilidhani ana roho mbaya.

Sitaki tena saini kwa ajili ya leseni peke yake. Nenda kwake. Ukichelewa, leseni itatoka na jina hilohilo, nami nitajua umechagua.

Binti yako

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilijikaza kisabuni, nikatia saini yangu kwanza nisije nikapata kisingizio cha kurudi nyumbani kutafuta kalamu, nikazunguka ukuta. Ni hatua kumi na nane. Nimezoea kuona kichwa chake tu akianika nguo, sikujua kwamba mgongo umepinda kiasi kile.

Alifungua, hakunikaribisha. Nikaanza kueleza habari za fomu. Akanikatiza.

"Fomu baadaye. Mimi nilikuuliza swali."

Alianzia palepale tulipoachia. Nikamwambia, "Hukusema kitu." Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikaongeza kwamba walionisema niliwaacha kule nilikotoka. Akaketi kizingitini akalia, nami nikabaki nimesimama na karatasi yangu kama mtu wa sensa, sijui nimshike au nisimshike. Alipotulia akaniambia kwamba kila nilipokuwa nakuita uingie kula, yeye alikuwa anafunga dirisha.

Sijasamehewa. Sitaki nikudanganye. Alichukua fomu na anwani yako, akasema ataituma mwenyewe, akafunga mlango. Ametia saini au ameichana, sijui. Safari hii siyo mimi ninayekuchelewesha, na bado naona aibu.

Mama yako

Tarehe 31 Mei

Mama,

Shikamoo. Fomu ilifika jana jioni kwa basi. Ndani ya bahasha hapakuwa na barua. Saini yako ipo, na yake ipo chini ya yako, inasomeka.

Kuna sehemu ya sababu ya kubadilisha jina, ambayo nilipaswa kuijaza mwenyewe. Nilikuwa nimetunga sentensi ndefu kuhusu kazi na wagonjwa. Jirani ameshaijaza. Ameandika kwa mkono wake: "Mama yake alisemwa kwingine. Hapa alipendwa."

Nimeipeleka leo asubuhi. Bado nimekukasirikia, na nitaandika nikitulia. Karani aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu yenyewe au nataka fomu nyingine. Nikamwambia agonge muhuri.

Binti yako