Kanda ya Babu Yako kutoka Maskati

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Mambrui sote tu wazima, na mamako amepona mafua.

Umeniuliza kwa nini tukishaagana huwa sikati simu. Nilipokuwa ndio kwanza nimeolewa, babu yako alikwenda kufanya kazi Maskati. Hakupenda kuandika, basi akanirekodia kanda. Nikaenda kuisikiliza kwa jirani yangu Zuhura, aliyekuwa na redio ya kanda. Babu yako alinisalimia, akauliza hali ya kila mtu, akaniaga. Zuhura akanyoosha mkono aizime.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Kumbe babu yako alisahau kuzima mashine yake ya kurekodia. Nikamsikia akiosha sahani, akikohoa, akijiimbia polepole. Zuhura akainuka, akatoka nje, akaniacha naye.

Maneno aliyosema nimeyasahau mengi. Zile sahani nazisikia hadi leo.

Basi Ijumaa ukinipigia kutoka huko Doha, tukimaliza mazungumzo iweke simu karibu na jiko, uendelee na mapishi yako. Huna haja ya kusema kitu.

Mimi bibi yako,
Mwanaisha