Fisi Maji Wamebaki Bwawani

Bahi,
Dodoma.
3 Oktoba 2024

Mpendwa Kaka Bartolomayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Aneth na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kwa mvua za huko Bukoba kimepoa. Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Mama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana amemgombeza fundi baiskeli mpaka fundi mwenyewe akacheka.

Umenilalamikia kwenye simu kwamba siku hizi sikutumii video za fisi maji. Ni kweli, na ndiyo sababu naandika, maana kwa simu ningelia.

Unajua tulivyofurahi. Tangu utoto wetu wanyama hao tulikuwa tukiwasikia tu kwa babu, kwamba zamani walijaa mtoni, kisha wakaisha. Mvua kubwa za mwaka huu zilipoujaza Mto Bubu, wakarudi mpaka kwenye bwawa letu. Kila asubuhi nikawa nalala kifudifudi kwenye tuta la mpunga na ile simu uliyonitumia, Stanley akinitania kwamba kumbe ameoa mwandishi wa habari. Ile video ya mama yao akitafuna kambale kuanzia kichwani, huku watoto wawili wanamng'ang'ania mkia, wewe mwenyewe ulisema uliitazama hadi bando likaisha.

Sasa sikia kosa letu. Maji yalipoanza kupungua, kijiji kizima tulitoka na majembe tukaziba mkondo kwa udongo, ili bwawa lisikauke mapema. Tukajisifu kweli. Kumbe kwa kawaida maji yakipungua, fisi maji hufuata mto kupanda kwenye vidimbwi vya juu. Safari hii waliona bwawa limejaa samaki, wakabaki. Leo mto huko juu ni mchanga mtupu, na bwawa lenyewe halizidi uwanja wa kanisa letu. Hawana pa kwenda.

Nimehangaika, kaka. Nilimpigia ofisa mmoja wa wanyamapori, akanieleza kwa upole kwamba kumkamata fisi maji mwenye watoto kunahitaji wataalamu na vizimba, na wataalamu hao wako mbali. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Yoramu, kuomba bwawa liachwe. Alinisikiliza vizuri, akatazama video zote, hata akatabasamu. Kisha akaniuliza watu watakula nini, maana mtama ulizama kwenye mafuriko yaleyale. Nikachukua simu yangu, nikarudi nyumbani. Hata wewe ungekuwapo ungefanya hivyo.

Kwa hiyo kesho kutwa, Jumamosi, tunavua bwawa, kama tufanyavyo kila linapokaribia kukauka. Wanaume husimama na nyavu penye kina. Wanawake tunaingia kwenye matete na fimbo, tunapiga maji ili samaki wakimbilie nyavuni. Nyumba isiyotoa mwanamke wa kupiga maji haipati mgao. Fisi maji akinasa atapigwa rungu, kwa sababu anararua nyavu, na mvuvi bila wavu hana kitu. Nao fisi maji wanalala humohumo kwenye matete.

Nilimwomba Stanley nibaki nyumbani. Hakunikasirikia. Alisema, "Mama Penina, hata mimi nawapenda. Lakini usipoingia, watoto watakula ugali na mlenda mpaka mvua."

Leo asubuhi nilikwenda kuwafukuza mwenyewe, watoroke hata kwa kupita mchangani, wangali na nafasi. Niliwatupia mabonge ya udongo, nikapiga kelele kama mwendawazimu. Walizama, halafu wakaibuka karibu zaidi, wakawa wananitazama. Kwa miezi yote hii ya kuwapiga video wamenizoea. Mimi ndiye mtu wasiyemkimbia hapa kijijini, kaka, na Jumamosi nitaingia na fimbo.

Mama anakusalimu, Stanley pia, na Penina anauliza mjomba atakuja lini. Msalimie sana wifi Aneth. Watoto wakiuliza habari za fisi maji, waambie kama nilivyomwambia Penina, kwamba wameshapanda juu na mto.

Mungu awafunike kwa mkono wake, na sisi huku atuhurumie.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Anjelina