Maji ya Betri

Baba Firdausi,

Nimekimbilia shuleni. Firdausi amebeba chupa ya maji ya betri ya sola ya kikundi chetu cha vikapu, akidhani ni ya kunywa. Ile ni tindikali. Chupa yake hii hapa mezani. Lazima nifike kabla ya mapumziko ya saa nne.

Mwalimu hapokei simu, na yako bado iko kwenye chaji kikundini.

Akirudi kabla yangu, msukutue mdomo, usimtapishe. Mpeleke hospitali Kasulu mjini, usimpitishe kwanza kwa bibi. Maharage yako motoni, yaepue.

Asubuhi aliniuliza, “Mama, haya ni maji?” Nilikuwa nafunga vikapu, sikugeuka. Kosa ni ~~la Mwamvua wa kikundini aliyeyatia kwenye chupa ile ya maji ya kunywa~~ langu. Nilimjibu ndiyo.

Mama Firdausi